Paa la Makuti Mahali Pasipoota Mnazi

Mteja anayetaka kujenga hoteli au kambi ya kudumu ndani ya hifadhi huja na picha kwenye simu yake kabla hajaleta ramani ya kiwanja. Picha hizo hufanana: paa refu la makuti lililochongoka, nguzo za magogo, ukuta uliopakwa rangi ya udongo, na mbele yake kiti kinachotazama bonde. Mimi ni mbunifu majengo ninayefanya kazi katika nyanda za juu za kaskazini mwa Tanzania, na swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko mengine ni kama makuti yanafaa kwa Ngorongoro. Jibu langu ni kwamba hayafai, na maelezo ya kwa nini hayafai yanagusa karibu kila jambo ninaloamini kuhusu kujenga katika mandhari inayolindwa.

Mnazi ni mti wa pwani. Ukingo wa kreta ya Ngorongoro uko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari, mahali ambapo ukungu hukaa juu ya msitu asubuhi nyingi za mwaka, na ambapo baridi ya Juni na Julai humfanya mgeni aombe blanketi la pili. Makuti yanayoezekwa huko hupakiwa kwenye malori pwani na kuvuka nusu ya nchi. Yakishafika hunyonya unyevu, huota ukoga na kuoza mapema, na yakikauka katika miezi ya kiangazi huwa hatari ya moto kwa jengo na kwa msitu ulio nyuma yake. Pwani kwenyewe makuti ni paa la busara, kwa kuwa hupitisha hewa, huzuia joto, na mti wake umesimama hapo hapo uani. Yakipandishwa mlimani yanabaki kuwa pambo la kumridhisha mgeni aliyekwisha kuamua, kabla ya kupanda ndege, jinsi nyumba ya Afrika inavyopaswa kuonekana.

Ngorongoro si hifadhi ya taifa kama jirani yake Serengeti. Ilitenganishwa nayo mwaka 1959 ili wanyamapori, mifugo na wafugaji waishi katika eneo moja lenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 8,300, likisimamiwa na mamlaka yake yenyewe. Mwaka 1979 iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia kwa sababu za kimaumbile, na mwaka 2010 zikaongezwa sababu za kiutamaduni, hasa kwa ajili ya Olduvai, bonde lenye mabaki ya binadamu wa kale, na nyayo zao za Laetoli ambazo umri wake unakadiriwa kuwa miaka milioni 3.6. Kwa hiyo mbunifu anayepewa kiwanja huko hapewi pori tupu. Anapewa mandhari iliyoumbwa na volkano, ng'ombe, moto wa kuchoma nyasi, na watu waliohamahama kwa vizazi vingi, na kila alama atakayoiongeza itasomwa pamoja na hizo zilizotangulia.

Kreta yenyewe ina tabia moja inayoitofautisha na mandhari nyingine nyingi: ni bakuli, na ndani ya bakuli hakuna pa kujificha. Upana wake ni kati ya kilomita 16 na 20 hivi, na kina chake ni mita 600. Hii ina maana kwamba jengo lililoko ukingo wa magharibi huonekana na kila mtu aliyesimama ukingo wa mashariki, na vilevile na kila gari lililoko chini. Sakafu ya kreta haina hoteli hata moja, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Kinachosalia huko ni magofu ya nyumba ya mawe ya mlowezi wa Kijerumani wa mwanzoni mwa karne ya 20. Shinikizo lote la ujenzi limehamia ukingoni, kwa kuwa ndiko mandhari inakouzwa. Kamati ya Urithi wa Dunia imewahi kuonya dhidi ya kuongeza hoteli ukingoni, na mimi naona onyo hilo lilikuwa la haki, ingawa onyo kama hilo hunipunguzia kazi.

Jambo la kwanza, basi, na lililo kubwa kuliko yote mengine yakijumlishwa, ni mahali jengo linapokaa. Mteja hutaka kilele, kwa kuwa kilele kina mwonekano wa pande zote. Lakini chochote kinachomwezesha mgeni kuona kila upande kinauwezesha kila upande kumwona yeye. Jengo likikaa juu kabisa ya ukingo, paa lake hukata mstari ambapo mlima hukutana na anga, na jicho la mwanadamu ni jepesi sana kutambua mstari ulionyooka mahali ambapo maumbile yamechora mkunjo. Likishushwa mita chache tu upande wa ndani wa mteremko, nyuma yake kukabaki ardhi na miti badala ya anga, jengo lile lile lenye ukubwa ule ule hupotea machoni kwa umbali wa kilomita 2 au 3. Hoteli ya Serena iliyoko ukingo wa magharibi ni mfano ninaowapeleka vijana wa ofisini kuutazama: imelala kwa urefu kando ya mteremko, kuta zake ni za mawe, mimea imeachwa ipande juu yake, na kutoka ng'ambo unaweza kuitafuta kwa darubini kwa muda kabla hujaipata. Haikuhitaji kuiga umbo la nyumba ya mtu yeyote ili kufanikiwa.

Kuna njia rahisi ya kupima jambo hili kabla ya kuchimba msingi, nayo haigharimu zaidi ya mchana mmoja wa kazi. Vijana wanne husimamisha miti mirefu kwenye pembe za jengo linalopendekezwa, kila mti ukiwa na urefu wa paa litakavyokuwa, na kwenye ncha zake hufungwa vitambaa vyekundu. Kisha mbunifu, mteja na afisa wa mamlaka huenda ng'ambo ya pili, wakasimama mahali ambapo watalii husimama, na kutazama. Nimewaona wateja waliokuwa wakibishana juu ya michoro kwa wiki nzima wakinyamaza mbele ya vitambaa vile. Mchoro wa kompyuta, hata ukiwa mzuri namna gani, huchorwa na mtu anayelipwa na mteja, ilhali kitambaa hakina mwajiri.

Wajenzi wa kale wa nyanda hizi walilijua jambo la kukaa na ardhi kuliko sisi, na hawakulijua kwa ajili ya uzuri. Wairaqw wa milima ya Mbulu, kusini mwa kreta, walijenga nyumba zilizochimbwa ndani ya mteremko, paa la udongo likiwa sawa na ardhi ya juu yake, hivi kwamba mtu aliyetoka upande wa mlimani angeweza kulikanyaga paa kabla hajatambua kwamba kuna nyumba. Sababu yake ilikuwa ulinzi, hasa dhidi ya wavamizi waliokuja kuchukua ng'ombe. Lakini nyumba hiyo pia hutunza joto usiku, haishikwi na upepo, na haihitaji mbao ndefu. Ningependa kuona hoteli moja tu katika nyanda hizi iliyosoma nyumba hiyo kwa makini, ikatumia paa la zege lililofunikwa udongo na nyasi asilia. Kazi hiyo ina gharama, kwa kuwa paa la namna hiyo ni zito na kuzuia maji kupenya ni kazi ya fundi makini, lakini haina siri yoyote ya kihandisi.

Nyumba ya Kimasai imeigwa zaidi, na kwa kawaida imeigwa vibaya. Wabunifu huchukua duara la boma na mkunjo wa paa, wakavikuza mara tatu, wakaweka kioo na taa za kuning'inia, na kuiita heshima kwa wenyeji. Sifa za nyumba yenyewe ni nyingine kabisa. Hujengwa na wanawake, kwa fito zilizosukwa na kukandikwa kwa udongo na samadi ya ng'ombe. Kimo chake hakizidi sana kimo cha mtu. Kila kitu kilichomo hupatikana kwa mwendo wa miguu. Na ikiachwa hurudi ardhini. Watafiti wa malisho wameonyesha kwamba mahame ya maboma, kutokana na samadi iliyolundikana zizini, huota nyasi bora zinazovutia wanyamapori kwa miaka mingi baada ya watu kuhama. Hilo ndilo funzo ambalo mbunifu angepaswa kulichukua: kimo kidogo, vifaa vya karibu, na mpango wa namna jengo litakavyoondoka. Sijawahi kuombwa na mteja yeyote niandike sura ya mwisho ya jengo lake, yaani litabomolewaje na nini kitabaki, ingawa vibali vya hoteli katika hifadhi vina muda wake.

Nikirudi kwenye paa, ni lazima niseme jambo ambalo wapenzi wa makuti hawalipendi. Bati, lile lile linalodharauliwa, lina faida ambayo nyasi na makuti havina: hukusanya maji safi. Paa la mita za mraba 100 likinyeshewa milimita 900 kwa mwaka, kiasi ambacho ni cha kawaida katika miteremko yenye mvua ya nyanda hizi, hupokea lita 90,000. Ukiondoa yanayopotea kwa mvuke na kwa kuosha paa, hubaki lita kama 70,000 tangini. Katika eneo ambalo kila chemchemi inayochotwa na hoteli ni chemchemi inayopungukiwa na ng'ombe, nyati na mabwawa yaliyo chini, hesabu hiyo ina uzito kuliko picha ya kupendeza. Ubaya wa bati ni mng'ao na rangi. Bati jipya lisilopakwa rangi huakisi jua na kuonekana kama kioo kutoka ng'ambo ya kreta. Lile la kijani kibichi linalouzwa madukani kwa jina la rangi ya msitu halifanani na msitu wowote ninaoujua, kwa sababu msitu ukitazamwa kutoka mbali ni mweusi zaidi na wa kijivu zaidi kuliko jani moja mkononi. Bati lililopakwa kiwandani rangi ya kijivu iliyoiva au kahawia ya udongo mweusi, lisilong'aa, hupotea. Kosa la kawaida ni kuchagua rangi dukani kwa kipande kidogo chini ya taa. Kipande kinapaswa kupelekwa kiwanjani, kiegemezwe kwenye vichaka, na kutazamwa kwa umbali wa mita 200 asubuhi na jioni.

Kuta hazinisumbui sana, kwa kuwa kivuli cha paa pana huzificha. Vioo hunisumbua. Hoteli iliyoko ukingo wa magharibi hutazama mashariki, na jua la asubuhi linapoibuka chini, karibu na upeo, huigonga ile safu ya madirisha makubwa na kurudishwa moja kwa moja bondeni, ambako simba na watalii hulipokea kwa pamoja. Kurudisha dirisha ndani chini ya baraza husaidia mchana, ila asubuhi jua hupita chini ya kingo za paa. Dawa iliyo bora ni kuinamisha kioo kidogo, sehemu ya juu ikitokeza nje kuliko ya chini, ili mwanga uakisiwe kwenye nyasi za mbele ya jengo. Fundi wa aluminiamu atalalamika, na nusu ya malalamiko yake yatakuwa ya kweli.

Usiku una sheria zake. Mandhari ya Ngorongoro baada ya saa moja jioni ni giza, na giza hilo ni sehemu ya kile kinachohifadhiwa. Taa moja iliyoelekezwa juu ya mti, kama zile zinazowekwa kwa ajili ya urembo, huonekana kutoka kila pembe ya ukingo. Taa za njia zinatakiwa kuwa chini ya goti, zimefunikwa juu, zenye mwanga wa rangi ya joto, wa manjano, usiozidi kelvini 3,000 (kipimo cha rangi ya mwanga), na ziwe za kuwashwa na mpitaji na kuzimika zenyewe. Mgeni atasindikizwa na askari mwenye tochi kwa vyovyote vile, kwa sababu ya nyati.

Kuhusu mawe nina msimamo ambao wenzangu wengine huuona mkali. Ni kweli kwamba jiwe jeusi la volkano ndilo kifaa kinachopatana zaidi na nyanda hizi. Lakini jiwe lina shimo lilikotoka, na ukuta unaopatana na mandhari kwa gharama ya kovu jeupe kwenye kilima cha jirani haujapatana na kitu. Mawe yachukuliwe kutoka kwenye uchimbaji wa msingi wenyewe na kutoka machimbo yenye kibali nje ya hifadhi, na yatumike mahali yanapoonekana na kuguswa, wakati kuta za ndani zikijengwa kwa matofali ya udongo na saruji kidogo yaliyoshindiliwa kwa mashine ya mkono, ambayo hayahitaji kuni za kuchomea. Rwanda wameonyesha ustadi wa kazi hii. Hospitali ya Butaro, iliyofunguliwa mwaka 2011, ilijengwa kwa mawe ya volkano ya Virunga ambayo wakulima wa huko walikuwa wakiyaona kama kero mashambani. Waashi wa eneo hilo walijifunza kuyachonga na kuyapanga kwa ukaribu hadi saruji ikawa haionekani. Baadaye jiwe hilo hilo likatumika Kinigi, katika kituo cha utafiti wa sokwe kilichofunguliwa mwaka 2022 kando ya Hifadhi ya Volkano. Thamani ya miradi hiyo, kwa maoni yangu, imo zaidi katika ile mikono iliyofundishwa, kwa kuwa waashi walibaki na ufundi wao baada ya wabunifu kuondoka.

Kuna sehemu ya hoteli isiyopigwa picha, nayo mara nyingi huharibu mandhari kuliko vyumba vya wageni: nyumba za wafanyakazi, jenereta, matangi ya mafuta, dobi, karakana, mashimo ya maji taka. Huchorwa mwisho, na fedha zikiwa zimekwisha. Mimi siku hizi huanza nazo.

Sasa niseme juu ya watu, kwa kuwa haiwezekani kuzungumzia ujenzi wa Ngorongoro kana kwamba wanaojenga ni wenye hoteli peke yao. Mwaka 1959 wakazi walikadiriwa kuwa 8,000. Miaka ya karibuni wamekuwa wakihesabiwa kuwa takribani 100,000. Kwa muda mrefu wakazi hao wamezuiwa kujenga nyumba za kudumu za saruji na bati, kwa hoja kwamba zingeharibu mandhari, huku hoteli zenye zege, lami na bwawa la kuogelea zikipewa vibali kwenye sehemu yenye thamani kubwa kuliko zote. Tangu mwaka 2022 serikali imekuwa ikiwahamishia baadhi yao Msomera, wilayani Handeni, kwenye nyumba za matofali zinazofanana zote, na mgogoro uliozunguka uhamisho huo ni mpana kuliko taaluma yangu. Katika mipaka ya taaluma yangu, hata hivyo, nina neno. Kumkataza mtu kujenga ni kitu kimoja na kumwelekeza namna ya kujenga ni kitu kingine, na hapa kwetu tulichagua la kwanza bila kulijaribu la pili.

Nchini Uingereza, sheria ya mwaka 1949 ilizaa hifadhi za taifa ambazo ndani yake kuna vijiji, mashamba na makanisa; ya kwanza, Peak District, ilitangazwa mwaka 1951 na ina wakazi zaidi ya 35,000. Mamlaka yake ndiyo hutoa vibali vya ujenzi, na mwongozo wake hueleza kwa undani jiwe lipi linafaa bonde lipi: jiwe la mchanga la kahawia upande wa kaskazini, jiwe la chokaa la kijivu upande wa kusini, pamoja na mwinamo wa paa na upana wa dirisha. Wakazi hunung'unika juu ya gharama, na bei za nyumba huko zimewashinda vijana wengi waliozaliwa humo, kwa hiyo sisemi kwamba tunakili. Ninasema kwamba mkulima wa huko anaruhusiwa kujenga nyumba itakayodumu akifuata masharti yanayojulikana na kila mtu.

Masharti kama hayo kwa mfugaji wa Ngorongoro yangeweza kuandikwa katika kurasa chache za Kiswahili na Kimaa: kimo kisichozidi ghorofa moja, ukuta wa matofali ya udongo yaliyoshindiliwa, bati la rangi ya kijivu isiyong'aa lenye mifereji na tangi, nyumba zipangwe kwa duara la boma kama zilivyokuwa zikipangwa, mbali na mapito ya nyumbu. Nyumba ya namna hiyo ingempatia mama maji karibu na jiko na ingempunguzia mtoto moshi wa usiku. Kwa mtu aliye ukingoni ingeonekana hafifu kuliko hoteli yoyote iliyopo.

Kwa upande wa hoteli, sheria tunazo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inadai tathmini ya athari kwa mazingira, na mamlaka ina mpango wake wa usimamizi. Pengo ninaloliona liko baada ya kibali. Jengo hukaguliwa likiwa jipya. Miaka mitano baadaye meneja mpya hupaka paa upya kwa rangi iliyokuwa na punguzo, huongeza taa kwenye miti, hukata matawi yaliyokuwa yakiwazuia wageni kuona, na huweka matangi meusi juu ya kilima. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji mchoro, kwa hiyo hakuna linalofika mezani kwa mtu yeyote. Ningependekeza kibali kitaje rangi ya paa kwa namba yake ya kiwandani, idadi na aina ya taa za nje, na miti isiyoguswa ikiwa imewekwa alama kwenye ramani, kisha mkaguzi arudi kila baada ya miaka 3 akiwa na ramani hiyo mkononi, asimame ng'ambo ya kreta mara moja mchana na mara moja usiku, na leseni ya biashara isihuishwe mpaka atie sahihi.